Msimamizi na Sheria ya Sabuni

Katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake, Msimamizi wetu alichukia kitu kimoja kuliko uvivu, nacho ni mtu kuwepo mara mbili. Uvivu aliuvumilia, hasa baada ya chakula cha mchana. Lakini akikuta mgonjwa mmoja ameandikwa sehemu mbili, ofisi nzima iliingia msibani. Alikuwa anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya sweta, anaivaa tena, kisha anauliza kwa ile sauti ya upole iliyotutisha kuliko makelele: "Huyu bwana ana miili mingapi?"

Sweta lenyewe lina habari yake. Shinyanga mwezi wa kumi hata mbuzi hutafuta kivuli cha nguzo ya umeme, lakini yeye alivaa sweta la sufu rangi ya kahawia, vifungo mpaka shingoni, kwa sababu, alisema, chumba cha seva kina baridi. Chumba hicho kilikuwa na kiyoyozi kimoja kilichopuliza vumbi na matumaini. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Tulimwacha atoke jasho kwa heshima zake.

Ofisi yetu ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na kazi yake ukiieleza harakaharaka inaonekana ndogo. Mradi ulikuwa unapima kifua kikuu kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita pamoja na familia zao. Zahanati za machimboni ziliandikisha wagonjwa kwenye vishikwambi. Maabara ilikuwa na mashine iliyotoa majibu yenyewe. Hospitali ilikuwa na mfumo wake wa kadi. Vyote vitatu vilitutumia taarifa kwa JSON, yaani maandishi ya kawaida yaliyopangwa ndani ya mabano, kila kitu na jina lake na mbele yake thamani yake. Na vyote vitatu vilikuwa vimekubaliana jambo moja tu, kwamba havitakubaliana. Zahanati iliandika jina lote kwa mkupuo. Hospitali ililikata vipande vitatu. Maabara haikutaka majina kabisa, ilitaka namba ya kikopo. Tarehe huku ilianza na siku, kule ilianza na mwaka. Sisi tulikaa katikati, tunavunja, tunapanga upya, tunaunganisha, kisha tunarudisha zahanati jibu moja, mgonjwa aambiwe kama ana vimelea au hana.

Msimamizi alikuwa na ugomvi wa binafsi na ile mashine ya maabara. Kwenye taarifa zake, sampuli ya makohozi ndiyo iliyokaa nje, na mgonjwa alikuwa amefungiwa ndani yake kwenye mabano madogo, pamoja na saa na joto la chumba.

"Mgonjwa ndani ya sampuli!" aliniambia siku za mwanzo, akigonga kioo cha kompyuta yangu kwa kalamu. "Binti, wewe umeshaona wapi mama ndani ya mtoto?"

"Mashine inaanza na kikopo, mzee. Kwake kikopo ndicho mkubwa."

"Basi mashine haikulelewa. Mtoe mama nje, mtoto akae mgongoni."

Na kusema kweli, maelezo hayo yalinifaa kuliko miaka yangu yote ya chuo. Mpaka leo nikikutana na taarifa zilizofungwa ndani ya taarifa, namtafuta kwanza mama yuko wapi.

Hakusoma kwenye kioo. Alichapisha kwenye karatasi, akasimama karibu na dirisha na kalamu nyekundu mkononi, akasoma kwa sauti tangu bano la kwanza hadi la mwisho. Jumapili alikuwa msomaji wa masomo kanisani, na sauti ilikuwa ile ile. "Fungua bano. Mgonjwa. Nukta mbili. Fungua bano. Umri, nukta mbili, thelathini. Mkato." Mwenzangu Yusufu, aliyeandika programu zetu, alikuwa Mwislamu wa Tanga asiye na haraka, na yeye ndiye aliyeanza kuitikia "Amina" bano la mwisho likifungwa. Mara ya kwanza Msimamizi alikasirika sana. Baada ya muda, siku Yusufu akiwa hayupo, alinitazama mimi mpaka niitikie.

Neno "data" hakulitaka. Alisema "habari za watu", na ukimpelekea ripoti iliyoandikwa vinginevyo ilirudi mezani kwako bila maelezo. Sehemu iliyoachwa wazi ilimuumiza kama jino. "Hakuna na haijulikani si kitu kimoja," alikuwa akitufokea. "Ukiandika mtu hana simu, umemsema. Ukiandika hujui kama ana simu, umejisema wewe. Chagua wa kumsema!" Niliwahi kumwona akimpigia simu mhudumu wa zahanati huko Katoro ili kuuliza kama mgonjwa fulani hakuwa na uzito au alikuwa hajapimwa. Yule mhudumu alidhani ni utani, akakata.

Pamoja na hayo yote, mtu huyu aliyeapa kwamba kila kitu duniani kiwepo mara moja tu, alimiliki kila kitu mara mbili. Alikuwa na simu mbili zenye namba zile zile ndani. Alikuwa na miwani mbili, na baiskeli mbili, moja ikiwa imeegeshwa ofisini kwa ajili ya siku ambayo nyingine ingeharibika, siku ambayo haikufika. Mkewe alimfungia chakula kwenye chombo kimoja, akakila, kisha akaenda kwa mama ntilie wa nje kula kingine, akisema kile cha kwanza kilikuwa cha nyumbani. Yusufu aliwahi kupendekeza kwa unyenyekevu tumpitishe yeye mwenyewe kwenye programu yetu tuone atabaki na nini.

Halafu kulikuwa na suala la majina. Aliweza kurudisha faili zima kwa sababu herufi moja ya jina la mgonjwa wa Ushirombo ilikuwa ndogo badala ya kubwa, lakini majina yetu sisi hakuyajua. Mimi nilikuwa "binti". Yusufu alikuwa "wa Tanga". Wataalamu waliokuja kutoka Dar es Salaam, na vyeti vyao na maji yao ya chupa, wote walikuwa "wageni", hata yule aliyekaa nasi mpaka akaoa Shinyanga.

Sheria iliyomletea sifa, na baadaye kumnyima raha, ilizaliwa kwa sababu ya sabuni. Mradi ulipoanza, kila aliyekubali kutoa makohozi alipewa mche wa sabuni. Wachimbaji si wajinga. Tena machimboni mtu hana jina moja. Kwenye duara hili, yaani shimo analochimba, anaitwa Masanja. Kwenye duara la jirani ni Emanueli. Na kule kwenye karasha, wanakosaga mawe, anaitwa Mbunge kwa sababu anaongea sana. Basi bwana mmoja akapita zahanati tatu kwa majina matatu, akakohoa kwa bidii kila mahali, akaondoka na miche yake mitatu. Mfumo wetu ukahesabu wagonjwa watatu, na wakubwa wa mradi wakatupongeza kwa kufikia watu wengi.

Msimamizi alimnasa akiwa amekaa kwenye kiti chake Shinyanga. "Simu moja. Tarehe ya kuzaliwa moja. Jina la baba moja. Kijiji kimoja. Na bado anataka niamini ni watu watatu!" Sijawahi kumwona na furaha kama siku ile. Alasiri alituita mezani, akatangaza kwamba kuanzia kesho yake, wenye vitu hivyo vinne sawasawa ni mtu mmoja, na jina lake lisiangaliwe kabisa.

"Jina ni la kumwitia mtu chakula," alisema.

"Na majibu yao ya maabara yakigongana?" Yusufu aliuliza.

"La karibuni lishinde. Ndilo lenye habari mpya."

Tukaiita sheria ya sabuni. Yusufu akaiandika, mimi nikaijaribu, ikapita bila kosa hata moja. Wageni wa Dar es Salaam waliisifu kwenye barua pepe yenye alama nyingi za mshangao.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwa msomaji wa Usukumani halihitaji maelezo, na hiyo ndiyo aibu yenyewe. Kwetu mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, wawe wa kike au wa kiume, na mama yao anaitwa Mama Kulwa. Baba yao ni mmoja, kijiji kimoja, siku ya kuzaliwa moja. Wakiwa vijana wa machimboni, wanaopoteza simu shimoni kila mara, huandikisha namba ya mama. Yaani sheria ya sabuni ilikuwa imewaeleza mapacha vizuri kabisa, na kitu pekee kilichobaki cha kuwatenganisha, jina, ndicho tulichokuwa tumekitupa. Msimamizi alikuwa Msukuma wa Didia. Mimi ni Msukuma. Dada aliyetumiminia chai kwenye kikao kile aliitwa Doto. Mgeni angeuliza, sisi majina hayo tumeyasikia mno mpaka hayatuambii tena kitu. Na Yusufu, ambaye angeweza kuwa mgeni, alikuwa ameshakaa nasi muda wa kutosha kuwa mzito kama sisi.

Mama Kulwa alifika asubuhi moja ya kiangazi, kikapu mkononi, kanga ya pili begani. Alikuwa ameondoka Nyarugusu, machimboni Geita, siku iliyotangulia na kulala kwa ndugu zake Kahama. Nilikuwa peke yangu pale mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa kuna mtu anawajua wanangu kuliko mimi."

Nikampa kiti. Akaeleza bila kupandisha sauti, kama mtu aliyekwisha kueleza sehemu nyingi. Vijana wake wawili walikwenda zahanati siku moja, kila mmoja akatoa kikopo chake. Ujumbe ukaja kwenye simu yake, mmoja tu, kwamba mgonjwa hana vimelea. Kulwa hakuwa na neno, hata kukohoa alilazimishwa. Aliyekuwa anakohoa ni Doto, naye kwa ujumbe ule akarudi shimoni. Sasa alikuwa anakohoa damu, amekwisha mwili, na kila wakienda zahanati mhudumu anaangalia kishikwambi, anasema mfumo unaonyesha mzima, anampa dawa ya mafua.

"Nikamuuliza yule dada, mbona ujumbe ni mmoja na watoto ni wawili? Akaniambia, mama, hapa mfumo hauonyeshi wawili. Mwenye simu hii ana mtoto mmoja. Mimi! Nimenyonyesha huku na huku, halafu nimezaa mmoja!"

Nikaandika namba yake ya simu kwenye kompyuta. Alikuwepo mwanamume mmoja, na ndani ya mabano yake vikopo viwili. Cha juu, cha Doto, kilikuwa na vimelea. Cha chini, cha Kulwa, kilipita mashineni baadaye, hakikuwa na kitu. Jibu la karibuni lilikuwa limeshinda, kama lilivyoagizwa. Niliona haya, na niliogopa, na nilitamani awe na hasira zaidi ili nami nipate cha kujitetea.

Nilipogeuka, Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni mwake. Alikuwa amesikia yote. Miwani aliivua, lakini hakuifuta.

"Na huyu mzee ni nani?" Mama Kulwa aliuliza.

"Mimi ni wa hospitali," alisema Msimamizi.

Ukiacha baridi ya chumba cha seva, lilikuwa jambo la kwanza lisilo sahihi nililowahi kumsikia akilitamka. Aliyasema maneno hayo, akaingia ndani kuchukua kofia, akatoka akasema tunakwenda Nyarugusu.

Gari la mradi lilihitaji kibali, na utaratibu wa kibali aliutunga yeye mwenyewe ili watu wasitumie gari ovyo. Kwa hiyo tulipanda basi. Mama Kulwa alikaa naye kiti kimoja, mimi nyuma yao. Kupita Isaka, ambako malori ya mizigo ya Rwanda na Kongo yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, alikuwa ameshaanza kumsema mtu wa kompyuta.

"Huyo aliyetengeneza hicho kitu, hana watoto?"

"Anao," alisema Msimamizi.

"Basi hajawahi kuwaangalia."

"Inawezekana."

Ilikuwa hivyo Kahama, ikawa hivyo Ushirombo, na Runzewe alipopanda mtu wa kuuza mahindi ya kuchoma, Mama Kulwa alimnunulia Msimamizi hindi moja kwa sababu, alisema, alikuwa mtu msikivu. Msimamizi alilishika mpaka Katoro bila kulila.

Doto hakuwepo nyumbani. Alikuwa shimoni, wapi hasa haikujulikana, kwa sababu kijana mwenye ujumbe wa serikali wa kuwa mzima hana sababu ya kulala kitandani mchana. Msimamizi akaanza kuuliza duara moja baada ya jingine.

"Namtafuta Doto."

"Madoto wamejaa hapa, mzee. Kwenye duara lake anaitwa nani?"

"Sijui. Ni mwembamba, mrefu. Anakohoa."

Mchimbaji alimtazama, uso mweupe kwa vumbi la mawe. "Mzee wangu, hapa nani hakohoi?"

Nilimwona mtu aliyeshinda miaka mingi akiwafuta watu wa majina mengi, akiwa amesimama kwenye vumbi bila jina hata moja la kutumia. Ndipo Kulwa akatokea karashani, amesikia kuna wageni wa mama yake. Msimamizi akamwangalia uso, halafu akamshika mkono kama mtoto, akamtembeza duara hadi duara. "Namtafuta mwenye uso huu," alikuwa akiwaambia. "Huyu, lakini si huyu." Duara la mbele zaidi wakacheka, wakasema kumbe mnamtafuta Balozi, yuko chini. Wakamvuta kwa kamba. Alikaa kwenye magunia ya mawe akihema, akatusalimia wote shikamoo hata mimi niliyelingana naye, na hakuweza kusimama.

Gari la kukodi lilimpeleka Geita siku hiyo hiyo. Alilazwa, akapimwa upya, akaanza dawa. Siku chache baadaye yakaja majibu ya Kulwa pia, ambaye miezi yote ile alikuwa analala chumba kimoja na nduguye, dirisha limefungwa kwa sababu ya wezi. Naye alikuwa na vimelea. Yusufu alisoma majibu yote mawili kwenye kioo, akasema taratibu, "Kwa hiyo mfumo sasa uko sahihi, wawili hawa ni jibu moja." Hakuna aliyecheka. Msimamizi aliinuka akaingia chumba cha seva akafunga mlango, na safari hii nadhani kweli alisikia baridi.

Sheria ya sabuni aliibomoa mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, mstari kwa mstari, Yusufu akifuata nyuma kwenye kompyuta. Jina lilirudishwa. Kwenye kishikwambi cha zahanati likaongezwa swali jipya, "Una pacha?", na wageni wa Dar es Salaam walipoandika kuuliza kama kweli swali hilo lina ulazima, aliwajibu kwa neno moja la herufi kubwa. Kisha akaanza kuwatafuta wengine. Kila mtu aliyekuwa ameunganishwa alifunguliwa na kuangaliwa ndani. Walikuwepo akina Kulwa na Doto wengine, wa Bukombe, wa Geita, wa hukuhuku Shinyanga vijijini, wengi wao wazima wote, na wote aliwapigia simu yeye mwenyewe, akitumia simu zote mbili. Lakini kikaoni, wakubwa wa mradi walipofika, alisema sheria ilikuwa na upungufu. Aliisema kama vile sheria ilijiandika yenyewe usiku ikatukuta asubuhi. Nilimkasirikia, nakiri. Nilikuwa bado nampenda, na hiyo iliongeza hasira.

Alistaafu baadaye akarudi Didia, kwenye mashamba yake ya mpunga na ng'ombe. Tulimfanyia sherehe. Alitoa hotuba fupi kuhusu mabano, na Yusufu akaitikia Amina, watu wakapiga makofi bila kujua wanashangilia nini.

Nilimwona tena mwaka huu. Nilikuwa nimekwenda Nyarugusu kuwafundisha wahudumu wa zahanati vishikwambi vipya, na nilikuwa natafuta chakula sokoni nilipomwona akishuka kwenye pikipiki, mfuko wa sukari umefungwa vizuri kifuani, chini ya koti.

"Shikamoo, mzee! Huku kuna nini tena?"

"Marahaba, binti." Alitazama huku na huku kama aliyekutwa dukani kwa mpinzani. "Nakuja kila mwezi. Kwa Mama Kulwa. Mke wangu anadhani nina mke mwingine machimboni. Nimemwacha afikiri hivyo, ni rahisi kuliko ukweli."

Tulikaa kwenye benchi la muuza supu. Akanieleza, huku akiukanda ule mfuko wa sukari, kwamba tangu siku ile hajawahi kumwambia yule mama yeye ni nani. Pale nyumbani ni baba wa hospitali. Doto amepona vimelea, lakini mapafu yake yamebaki na makovu na shimoni hatarudi tena. Anatengeneza simu za watu. Naye Doto anamwita baba, bila hospitali. Padri alishaambiwa yote kwenye kitubio, akamjibu kwamba sikio la padri si sikio la Mama Kulwa, na hiyo ilikuwa Kwaresima ya mwaka juzi.

"Leo namwambia," alisema. "Kila mwezi nasema leo. Uje nawe, nikose njia ya kutorokea."

"Akikufukuza?"

"Atakuwa na haki."

"Na Doto?"

Alilipa supu ambayo hakuinywa, tukaenda.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati jipya upande mmoja. Kulwa alikuwa kazini. Doto alikuwa amekaa mlangoni na simu ya mtu imefunguliwa mapajani, mabega yake yamebaki mifupa, na alitaka kuinuka kutupokea, mama yake akamkaripia akae. Tulisalimiana, tukapewa viti, chai ikaletwa. Mama Kulwa aliipokea sukari kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, akaifungua hapo hapo.

Msimamizi alikohoa kidogo. "Mama Kulwa, kuna kitu kinaitwa ufunguo wa kuunganishia."

"Enhe."

Basi akaanza. Akaanzia kwenye kishikwambi, akapita maabara, akaeleza mabano ya nje na mabano ya ndani, simu, tarehe, jina la baba, kijiji. Akaeleza jinsi vitu viwili vinavyotambuliwa kuwa kimoja. Nilikuwa nimemsikia akifundisha mambo haya mamia ya watu, na sijawahi kumwona akipotea, lakini pale alirudi nyuma, akasahihisha alichokuwa ameshasahihisha, akaanza upya kutoka kwenye kikopo. Mama Kulwa alikuwa anakoroga chai yake. Mwishowe maneno yakamwishia.

"Ni mimi," alisema. "Ile sheria ni yangu. Sijawahi kuwa wa hospitali."

"Najua, baba."

"Unajua?"

"Mtu wa hospitali huja mara moja, tena kwa gari. Wewe unakuja kila mwezi na sukari. Nani mwingine angekuwa?"

Msimamizi alivua miwani. "Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Nikuambie nini? Nilikuwa nangoja uchoke kunidanganya." Akamsogezea kikombe. "Tena sukari ilikuwa inakuja."

Doto akacheka. Alicheka kwa kweli, kichwa nyuma, simu ya watu ikamponyoka mapajani, nami nikajikuta nacheka naye kwa ahueni. Kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuondoka. Alishika fremu ya mlango. Msimamizi aliinuka nusu kama mtu anayetaka kwenda kusaidia, akaona hakuna la kusaidia, akakaa. Mama Kulwa alikuwa ameshika kijiko hewani, macho kwa mwanawe. Hakuna aliyegusa chai. Tulikaa tukingoja kikohozi kiishe.